Mashine ya Kumenya Vitunguu Bila Machozi

Jumatatu, 3 Machi
Kamati ya pamoja – chuo kikuu na ofisi ya mkoa – imejadili sera ya uchumi wa teknolojia saa tano nzima. Mimi katibu wao wa muda. Mkurugenzi wa mipango wa mkoa kanivuta kando: sera ikisainiwa tarehe 14, napata ajira ya kudumu. Miaka minne nabebwa na mikataba ya miezi mitatu mitatu. Nimechoka.

Jedwali la vipaumbele lilikuwa tupu. Nikajaza mstari nione kama maandishi yanaenea: "Mashine ya kumenya vitunguu bila machozi." Nilikuwa nawaza mapishi ya jioni. Nikasahau kuufuta, nikatuma pande zote mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Mama yangu! Rasimu zimerudi. Chuo wamesahihisha koma tu. Mkoa wamerudisha zile koma za mwanzo. Na vitunguu sasa ni kipaumbele namba moja. Kila upande unadhani ni wazo la mwenzake, na kwa heshima hakuna anayeuliza.

Jumanne, 11 Machi
Nimejikaza, nikaenda kwa Profesa, kiongozi wa upande wa chuo, kuungama. Sijafungua mdomo, kaniambia idara yake imeifanyia utafiti mashine hiyo miaka mitatu. Mitatu! Ina siku nane. Nikaenda mkoani. Mkurugenzi naye: wananchi wenyewe waliiomba, mikutanoni. Nikanywa maji, nikarudi.

Jumatano, 12 Machi
Nimemsimulia dada yangu, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kisha kauliza, unga umwagike kwa ajili ya vitunguu? Kasema ninyamaze.
Nimenyamaza. Naogopa vibaya.

Ijumaa, 14 Machi – ukumbini
Mkuu wa mkoa ameshika kalamu, hasaini. Kauliza mashine inafanyaje kazi. Profesa kasema swali zuri sana, wanaoijua kiundani ni mkoa. Mkurugenzi kasema hapana, Profesa, wataalamu ni ninyi. Wamepokezana hivyo mara tatu, kwa adabu zote. Halafu wote wakageuka kunitazama.

Najifanya naandika kumbukumbu za kikao. Mkuu wa mkoa kasema katibu asiogope, aeleze tu kwa vitendo. Mtu katumwa kantini. Karudi na vitunguu sita na kisu.

Wananisubiri. Sijakata hata kimoja na machozi yanatiririka. Profesa anawanong'oneza waandishi wa habari kwamba hiyo ni hatua ya kwanza ya mashine: kumaliza machozi mapema.