Sifuri, Geuka

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini unamsikiliza Mama anapokukataza kupanda ngazi, ingawa nakujua. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho iko juu juu.

Jumanne mkaguzi alikuja darasani kwangu kuamua kama nithibitishwe kazini. Mtu mwenyewe hata ukikohoa anaandika! Somo lilikuwa kuchora grafu za polinomia. Niliandika ubaoni y = x⁴ − 4x³. Wanafunzi wakatoa fomula ya mteremko, 4x³ − 12x², wakaifanya iwe sawa na sifuri, wakapata x ni 0 au 3. Nikawaambia wasichore kwanza, wapime mteremko pande zote mbili. Kwenye 3 grafu inashuka kisha inapanda, hapo imegeuka kweli. Lakini kwenye 0 mteremko ni hasi kabla na hasi baada. Grafu inatulia kidogo tu, halafu inaendelea kushuka.

Mkaguzi akasimama. Alisema ninapotosha watoto, kwamba mteremko ukiwa sifuri lazima grafu igeuke, na kwamba alifundishwa hivyo na mwalimu asiyekosea, aliyekuwa akiwaimbisha “Sifuri, geuka!” Loo, Baba! Hicho ni kibwagizo chako.

Nilimpa chaki apime mwenyewe, akaikataa. Darasa lote macho kwangu, na mtihani wao ni wiki ijayo. Ningeitikia tu, kazi ningepata.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Nilipiga moyo konde nikasema mbele ya wote kwamba mwalimu huyo ni baba yangu mzazi, kwamba nampenda, na kwamba hapo alikosea.

Amekataa kusaini. Alisema anayemkosoa baba yake hadharani hafai kukabidhiwa watoto wa watu. Atabadili uamuzi akipata barua yako wewe mwenyewe, ikikiri kwamba kibwagizo kina kasoro. Kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nifungashe virago.

Sikuombi unihurumie. Chukua penseli, weka x iwe −1, kisha 1, kwenye fomula ya mteremko, uchore mwenyewe. Ukiona nimekosea, nitarudi nyumbani na kukupigia magoti. Ukiona sijakosea, mwandikie, Baba, hata kama itakuuma.

Mama na wote hapo nyumbani wasalimie sana.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba