Siku Niliyoomba Nyongeza

Rusumo, Ngara.
16 Juni 2024.

Mpendwa Shangazi Speciosa,

Shikamoo. Hujambo na joto la Tanga? Mguu umepungua maumivu? Huku tu wazima, ila mgongo wa baba bado unamsumbua, na msimu huu maharage tumevuna mama na mimi. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na jambo hili sitaki kulisema kwa kupaza sauti.

Shangazi, nimechoka. Unajua niko hapa mpakani, kwenye ofisi ya Bwana Jovitus ya kutoa mizigo forodhani. Malori hayaishi. Tangu niajiriwe mshahara haujasogea, na mwanangu Iteka ameanza sekondari. Nikaamua kuomba nyongeza.

Aliyenisaidia kujiandaa ni Nshoma, mwenzangu wa ofisini, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Bosi akitoka, Nshoma anakaa kwenye kiti cha bosi, anajifanya yeye na kunikunjia uso: "Biashara mbaya, Priscila. Kwa nini nikuongeze?" Namjibu, ananisahihisha: "Usimweleze shida za nyumbani. Mweleze kazi unazofanya."

Jumatano ya mwanzo wa mwezi huu niliingia kwa bosi. Nilisema yote. Bwana Jovitus alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Una haki. Mwezi ujao nampunguza Nshoma kazini. Chukua na kazi zake, nitakuongezea nusu ya mshahara wake."

Nilimwomba anipe muda, nikatoka. Nshoma alikuwa ananisubiri mlangoni, anatabasamu. "Amekubali?"

Mke wa Nshoma amejifungua juzi tu, Shangazi. Nilimwambia ukweli, maana ningemficha vipi? Akasema, "Chukua. Usipochukua ataleta mtu mwingine, tutakosa wote."

Nilirudi nyumbani nikapika, sikuweza kula. Kesho yake nilimwendea bosi tena. Nilimwambia nyongeza naitaka kwa kazi ninayoifanya mimi. Ya Nshoma nikiongezewa sitaiweza, malori yatalala hapa na wateja watahamia kwa mawakala wengine. Alinitazama, akasema, "Basi endeleeni kama mlivyo."

Ndivyo ilivyokwisha. Mimi sikupata kitu, na Nshoma hajaondolewa.

Baba anasema nimefanya vema. Mama yeye anauliza mahitaji ya shule ya Iteka yatatoka wapi. Ila kinachonichosha zaidi ni Nshoma mwenyewe. Siku hizi ananisalimia macho chini, kama mtu anayedaiwa. Jana nilimwambia, "Acha hivyo. Mwaka mpya ukiingia, kwa bosi tunaingia wote wawili kuomba nyongeza." Alicheka kidogo, akavuta kiti akaketi karibu yangu, tukaendelea na nyaraka za malori ya Kigali. Kwa sasa sina habari nyingine njema kuliko hiyo.

Nisalimie wanao Philbert na Uwase, na wajukuu. Baba anakusalimu sana, anasema kaburi la bibi tumelipalilia. Mungu akutunze huko uliko, nawe utuombee sisi tulio huku.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye siku zote,

Priscila