Kiingereza cha Cherehani

Zaina mjukuu wangu,

Barua yako tumeipata, na bibi yako anataka ujue goti lake limepoa. Unasema unasoma riwaya za Kiingereza kitandani, kimya, lakini darasani ulimi unakuwa mzito. Unauliza mimi nilisoma nini.

Mimi kusoma nimetulia sikuwahi kuweza. Nilipofungua duka langu la ushonaji hapa Nyamirambo, nilibandika magazeti ya Kiingereza ukutani, nikawa nasoma kwa sauti huku nakanyaga cherehani. Majirani niliwatambia kwamba lugha nimeimaliza.

Siku moja akaingia mfanyabiashara wa Kampala, anataka suti ya harusi. Kwa adabu nikasimamisha cherehani, na maneno yote yakapotea. Akasubiri, akageuka aondoke. Nikarudi kitini haraka, nikakanyaga bila kitambaa, na Kiingereza kikatoka! Alicheka, kisha akanitajia kila anachotaka kwa kupaza sauti ishinde mlio ule.

Kitabu cha kukufaa sikijui, Zaina. Ila kitandani toka.

Hata sasa ninapoandika, mguu hautulii. Bibi yako ameuliza, "Mzee, unashona nini hapo mezani?"

Nimemjibu kwa Kiingereza.

Babu yako