Chagua Nyingine, Shangazi

Tunis, 20 Oktoba 2018

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Magoti yanasemaje na hilo baridi la Kef? Mimi mzima, ila maandalizi ya tamasha la filamu yamenichosha hoi: filamu mia mbili kwa siku nane! Nakutumia pasi ya kuingilia na kitabu cha ratiba kwa dereva wa teksi. Nimekuwekea alama ya penseli filamu nne: ya yule bibi wa Iran anayeendesha lori, ya Wamorocco, ya Wamisri ya kuchekesha, na katuni ya Wasenegali. Filamu yangu mwenyewe achana nayo. Ni mambo ya vijana, kamera inatikisika, utaumwa kichwa bure.

Mwanao,
Anis

Kef, 24 Oktoba

Anis mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na magoti hayajambo. Macho ndiyo uliyoyadharau. Kitabu chako kinatoka ukurasa wa thelathini na mbili kinarukia wa thelathini na tano! Nikaenda kwa jirani yangu Mabruka, binti yake aliyeko Tunis amemletea kizima. Tukasoma: mwanamke anampelekea mumewe kikapu cha chakula gerezani miaka tisa, kumbe mwanamke huyo ndiye aliyemchongea kwa polisi.

Miaka tisa, Anis. Kila Alhamisi napanga foleni na wenzangu, askari anachomachoma kuskusi yangu kwa kisu akitafuta barua. Nilikusimulia jikoni kwangu, ulipokuwa mwanafunzi unakula mkate wangu. Mume wangu Mokhtar alinifia mikononi, nawe leo unanifanya mimi ndiye niliyemuuza? Huna haya.

Nimefuta alama zako zote nne. Badilisha mwisho wa filamu hiyo, au iondoe. Usipofanya hivyo, ndiyo nitakayoichagua.

Shangazi yako

Tunis, 29 Oktoba

Shangazi,

Pole kwa hasira nilizokutia. Afya yako naiombea kila siku. Lakini hii ni hadithi tu! Yule si wewe, jina nimebadilisha. Filamu bila msaliti nani ataitazama? Kuiondoa siwezi, nimeihangaikia miaka minne. Majaji wa tamasha watakuwepo Jumanne, na ukumbi umejaa. Nakuomba sana, chagua nyingine. Ukitaka usiku nitakupeleka mwenyewe kula samaki ufukweni La Goulette.

Anis wako

Tunis, 8 Novemba

Anis,

Salama nimefika, na salama nimelala kwa binti yake Mabruka. Hali yako siulizi.

Ulituona. Wanawake saba wa ile foleni, safu ya mbele, vikapu mapajani, vilevile vya gerezani. Taa zilipowaka ukapita mlango wa nyuma mbio, mwongozaji mzima! Umesahau watu wa Tunis hawatoki ukumbini kabla ya kumhoji mwenye filamu? Walipiga makofi, wakapiga kelele, wakakuita. Mabruka akanisukuma, "Nenda, we mwanamke, unangoja nini?" Nikakamata kipaza sauti.

Nikawaambia mwenye kikapu ni mimi.  Kisha msichana mmoja akauliza, "Mama, kama si wewe, basi nani alimchongea?"

Miaka ishirini na saba nimelimeza jina hilo. Mama yako alinipigia magoti, akasema, mtoto asijue. Nikakubali kwa ajili yako. Siku ya kesi Mokhtar alionyeshwa karatasi iliyomchongea, akautambua mwandiko. Mimi pia niliutambua, maana niliufundisha mwenyewe mkono ule kushika kalamu. Mwezi uliofuata mwenye mwandiko akapata kazi ya ukarani wilayani.

Ningeondoka nalo jina hilo mpaka kaburini. Ila mwisho wa filamu yako kulikuwa na maneno meupe kwenye kiza: "Kwa baba yangu, Tijani, mtu mwaminifu." Yalikuwa bado yako machoni mwa watu wote pale. Nikamwambia msichana, "Ni huyo uliyemsoma sasa hivi."

Nilidhani nitalia. Sikulia. Nililala usingizi mzuri.

Usinijibu.

Dada yake Tijani