Karavani la Kitanda Kimoja

Stanmore, London
Jumapili

Kwa mama yangu Bi Mize,

Asalaam aleikum mama, na shikamoo nyingi kutoka huku kwenye baridi. Kabla ya yote nambie habari ya goti. Limepungua, au bado linakusumbua ukiinuka kwenye msala? Na ile dawa ya kuchua niliyompa jirani yetu akuletee, ilifika kwako au imeishia kwenye magoti ya watu wengine? Mimi kiwiliwili sijambo. Nasema kiwiliwili kwa sababu roho ina habari zake, na ndizo zilizonishikisha kalamu, mimi ambaye barua ya mwisho niliiandika shuleni, kumwomba radhi mwalimu.

Najua umekasirika. Mara tatu umenitumia ujumbe wa sauti, na mara tatu swali ni lile lile: "Khamis, ushamrejea mkeo au hujamrejea?" Sikujibu. Si jeuri, mama. Ningejibia wapi? Nyumba yetu ya Kilburn ina chumba kimoja na ukumbi, na ukuta wa katikati ni mwembamba hivi kwamba nikigeuka kwenye kochi Salma anasikia. Na huko Wete nako simu unaiweka sauti ya juu, wanawake wote waliokaa barazani wanaitikia amina. Kwa hiyo nimemwomba shemeji Maryam, mke wa kaka, akusomee barua hii mlango ukiwa umefungwa. Shemeji, funga na dirisha.

Unajua nilimpa Salma talaka moja. Ilivyokuwa hujui, maana nilikueleza juu juu. Alikuwa jikoni anapika wali, ametoka kazini kwake kwa wale wazee anaowahudumia majumbani. Mimi nimetoka hospitali, siku nzima nimesukuma vitanda vya wagonjwa. Nikamwambia aache kufanya kazi Jumamosi. Akasema haachi. Nikamwambia mume ni mimi. Akasema, "Najua, unanambia kila siku." Ulimi hauna mfupa, mama. Nikatamka. Nilidhani atalia, aangushe mwiko, anishike shati. Salma akazima jiko, akasema, "Nimesikia." Kisha akapakua wali, tukala.

Tangu siku ile yeye akakaa eda, miezi yake ya kungoja, chumbani pamoja na binti yetu Nasra, mimi nikahamia kwenye kochi. Tukawa kama kuku wawili wasiopatana ndani ya tenga moja. Asubuhi nasubiri nisikie amerudi chumbani ndipo niende kutia chai. Yeye anasubiri nimalize chai ndipo aje kupika uji. Kutoka siwezi: chumba cha kupanga peke yangu hapa London mshahara wangu haukifikii, nyumba za serikali mwanamume mzima asiye na maradhi huwekwa mwisho kabisa wa foleni, na mkataba wa Kilburn una majina yetu sote wawili. Nilikuwa nikikaa kwenye lile kochi natazama dari, najionea huruma. Nikisema moyoni, hakuna mtu aliyefungwa kama mimi.

Sheikhe wa msikitini hakunificha. Alinambia eda ikimalizika Salma ni ajinabi kwangu, mgeni kama wageni wengine, na hakuna kitabu kinachoruhusu mtu kukaa nyumba moja na ajinabi kwa sababu ya kodi ya London. Ama nimrejee kabla, ama nitoke. Nawe upande wako ukasema mrejee, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Ukanikumbusha tena kisa chako na baba, Mungu amrehemu: alivyokurejea siku mbili kabla ya eda yako kwisha, amesimama mlangoni, wewe ungo mkononi unapepeta mchele, na majirani wakapiga vigelegele. Kisa hicho nimekisikia tangu mdogo. Nikakibeba kifuani, nikangoja siku nzuri.

Wakati nangoja, nikakutana na Bwana Jayanti. Huyu ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, mke wake amefariki na watoto wametawanyika. Nilikuwa namsukuma kwenda kupigwa picha ya nyonga, lifti ikakwama, nikasema, "Ya Rabi, na leo tena!" Mzee akageuka kitandani akanijibu kwa Kiswahili, "Rabi hana kosa, kosa ya fundi." Tukawa marafiki. Nyumba yake iko hapa Stanmore, na ubavuni ina uwanja mtupu wa saruji. Nilipomweleza hali yangu akasema, "Nunua karavani, weka hapa kwangu. Mtu ya pwani haiwezi zeeka juu ya kochi."

Karavani, mama, ni kijumba chenye magurudumu kisicho na injini. Gari hukikokota. Wazungu huenda nacho likizo, wakakaa shambani kwa watu wakanywa chai wakitazama mvua. Ndani mna kitanda, jiko la gesi na sinki. Bwana Jayanti akapima geti lake kwa kamba ya nailoni, akapiga fundo huku na huku, akanitilia mfukoni. Akasema mtu hanunui kabati kabla ya kupima mlango.

Nilimtuma Nasra akamwambie mama yake. Nilidhani Salma atacheka. Badala yake akajibu kutoka chumbani kwa sauti, nisikie: "Mwambie baba yako asende peke yake. Huyo atauziwa mbao zilizooza akazipenda kwa mapazia." Kumbe mzee mmoja wa Kizungu ambaye Salma alimhudumia mwaka juzi alikuwa mtu wa karavani maisha yake yote, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, alimfundisha Salma kila kitu. Akasema atakuja, mradi Nasra awe nasi, kwani haifai tukae wawili peke yetu.

Na siku aliyoipanga, mama, ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ile ile! Niliyomwomba aache kazi akakataa, leo kaiacha mwenyewe kwa ajili yangu. Moyo wangu ulijaa. Nikajiambia, mwanamke asiyemtaka mtu hampotezei siku nzima kumtafutia pakavu pa kulala. Nikanyoa ndevu.

Karavani la kwanza lilikuwa Walthamstow, nyuma ya ule mtaa wa soko. Zuri ajabu, mama, jeupe, mapazia ya maua, na ndani limepuliziwa manukato kama chumba cha bi harusi. Muuzaji, kijana wa maneno mengi, alikwisha kuniita ndugu yake. Salma hakumjibu. Aliingiza pua kabatini akanusa. Kisha akaweka dole gumba ukutani chini ya dirisha, akabonyeza, na dole likazama kama kwenye fenesi lililoiva. "Maji," akasema. "Yaingia siku nyingi. Manukato haya ya kuzibia uvundo." Tukatoka. Mimi, nakiri, niligeuka mara moja kuyatazama mapazia.

La pili lilikuwa kwenye yadi ya mtu anayeuza yaliyotumika. Hilo lilinifaa mimi. Kuta ngumu, sakafu haibonyei, na lina vitanda viwili, kimoja kipana cha watu wawili. Nikatoa kamba yangu nikapima ubavu hadi ubavu. Fundo halikufika ukingoni, pungufu shibiri moja nzima.

"Halipiti," akasema Salma.

"Tutamwomba mzee tung'oe nguzo moja."

"Geti la mtu ulivunje, hata hujahamia? Vitanda viwili vya nini?"

"Kimoja cha Nasra akija."

Nasra, bila kuinua macho kwenye simu, akajibu kwa Kiingereza chake kwamba yeye hapo halali, asante. Salma akanitazama. Mimi nikakunja kamba.

La tatu lilikuwa la bibi mmoja mjane, huku huku karibu na Stanmore, limesimama uani kwake. Dogo, mama, na rangi yake kama chai iliyoungwa maziwa ya jana. Kitanda kimoja, chembamba. Salma akapiga magoti na buibui lake kwenye majani maji, akaingiza kichwa chini na tochi ya simu kutazama kutu. Akasoma mwaka kwenye matairi. Akaingia ndani akabonyeza kila pembe, kila chini ya dirisha, akafungua kila kabati akanusa, akarukaruka karibu na mlango kuona kama sakafu inanesa. Nilimwona mwanamke anayefanya kazi anayoijua. Miaka kumi na minane ya ndoa, sikuwahi kumwona kazini.

Mvua ikaanza. Bibi akakimbilia nyumbani kwake kuleta karatasi. Nasra alikuwa amekaa kwenye kidaraja cha mlango, kofia kichwani na vitu vyake masikioni. Salma kasimama karibu na sinki, anatazama dari kama litavuja. Halikuvuja. Nikajiambia, ndiyo siku yenyewe, Khamis. Neno lenyewe ni moja tu, nimekurejea. Nikakohoa kusafisha koo.

Salma aliruka. Wallahi aliruka, kiwiko kikagonga kabati.

"Usiseme," akasema.

"Nisiseme nini?"

"Khamis, usinifanye mjinga. N'najua bi mkubwa mama yako kakutuma. Ukilisema, mie sina pa kukataa, n'shakuwa mkeo tena. Ndo maana miezi yote hii naishi nausikiliza mdomo wako. Ukikohoa ukumbini, mie chumbani n'nashituka. Ukigonga mlango kuomba pasi, nasema ndo hilo laja. Hata nikisali, rakaa sizijui n'shasali ngapi."

Mama, nilishindwa kukaa na nilishindwa kusimama. Miezi yote ile nilinyamaza nikidhani ukimya wangu ni heshima.

"Sasa mbona umekuja kunichagulia?" nikamuuliza.

"Ili uondoke. Na uondokee pakavu. N'kikuacha ukachukua lile la mapazia, mwezi hauishi ukuta ushaota ukungu, kifua kishakubana, Nasra analia, na mie n'taona huruma niseme haya, rudi. Najijua mie." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nakuomba tu, Khamis. Unaweza. Mie siwezi kukataa. Basi niachie."

Neno lilikuwa mdomoni. Sikufichi, nilikuwa na hasira, na nilikuwa na mapenzi, na vyote viwili vilitaka nitamke. Nikitamka leo kesho niko kitandani kwangu Kilburn, wewe unapigiwa vigelegele Wete. Nani angenilaumu? Sheria yangu, mke wangu, siku zangu hazijaisha. Nikautazama mkono wake. Ulikuwa umeshika ukingo wa sinki hadi vidole vimekuwa vyeupe.

Bibi akarudi na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Salma akazipokea, akaenda dirisha kwa dirisha akilinganisha nambari zilizochongwa kwenye vioo na zilizoandikwa pale, kuhakikisha si la wizi. "Zinalingana," akasema. Nikasema nalichukua.

Wiki iliyofuata likakokotwa hadi kwa Bwana Jayanti. Lilipita getini limebakisha upana wa kidole kila upande, mzee kasimama na fimbo yake anapiga kelele kwa Kigujarati. Jioni hiyo Nasra akaja na begi langu la mwisho na bakuli la chumvi ya mawe. Mama yake alimwambia niiweke chini ya kitanda ivute unyevu, na ikilowa nibadilishe.

Alhamisi Nasra akanipigia simu. Mtoto huyu unajua, tangu aanze shule ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Safari hii akasema, "Baba, mama kasema eda imekwisha." Nikamwambia nimesikia. Baadaye nikagundua ndilo neno alilosema Salma siku ile jikoni.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako. Sikumrejea. Na usidhani nimetoka kifungoni, nimebadilisha chumba tu. Nikinyoosha mikono hapa nagusa kuta zote mbili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: umeme ni wa Bwana Jayanti, maji ni ya Bwana Jayanti, na jirani akichungulia juu ya ukuta naambiwa nijifanye nimekuja kutembea, maana kuishi humu bila kibali si ruhusa. Kilburn si kwangu tena. Wete siwezi kurudi, Nasra yuko huku. Nakaa nasikiliza mvua juu ya bati, na nikikohoa nanyamaza kidogo, nangoja, kisha nakumbuka kwamba hapana mtu anayeshituka. Ni kukavu, mama. Alichagua vizuri.

Nakuomba usimlaumu. Ukimpigia, mpigie kama mwanao, usitaje jina langu.

Nisalimie kaka, mwambie simu ya kuomba ushauri sikumpigia kwa aibu, si kwa dharau. Nisalimie mjomba Faki fundi cherehani, na shangazi wa Konde aliyetushonea shuka za harusi, asiambiwe mpaka nimwambie mwenyewe. Shemeji Maryam, ahsante kwa kusoma, na ukifika mwisho, kama utaweza, mwache mama peke yake kidogo kabla hajakwambia uandike.

Kwani nina swali, mama. Siku ile baba alipokurejea mlangoni, ulinihadithia ungo, ukanihadithia mchele, ukanihadithia na majirani waliopiga vigelegele. Wewe mwenyewe hujawahi kunambia ulifanya nini. Ulifurahi?

Mwanao,
Khamis