Zuhura Hakuja Kuomba Chumvi

Mwanangu Salimu,

Salamu aleikum. Salamu nakupa kwa kuwa ni haki yako; maneno matamu usiyatafute humu. Nakuandikia waziwazi kwa sababu na wewe ulisema mbele za watu. Kwenye harusi ya binamu yako pale Ukunda ulishika kipaza sauti ukasema, "Wakati wa korona, mimi ndiye niliyemwokoa mama." Watu wakakupigia makofi. Mimi nikainamia sahani ya pilau.

Nakumbuka ulivyorudi Msambweni hoteli za Diani zilipofungwa. Nilifurahi, wallahi. Siku za mwanzo ulinikunia nazi, ukanifundisha kuvaa barakoa, tukacheka nilivyofanana na mwizi. Kisha ukanunua kufuli. Ukafunga geti, ufunguo ukautia mfukoni, ukaniambia, "Mama, wazee ndio wanaokufa."

Sikukukatalia. Ugonjwa ulikuwepo, na mimi na presha yangu niliuogopa. Nilinawa mikono mpaka ikachubuka. Lakini wewe hukunifungia ugonjwa tu, ulinifungia na watu. Mwanasiti, jirani yangu tangu tulipoolewa, niliyekuwa nikisuka naye mikeka barazani kwangu kila alasiri, ulimfukuza hata alipokuja kunijulia hali kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. Mwanasiti huyo huyo aliyekubeba mgongoni ulipougua surua, nami nimelazwa hospitalini! Nikaacha kusuka. Chakula kikanishinda. Magoti yakakaza kwa kukaa. Na wewe kila asubuhi, "Shikamoo mama, umemeza dawa?" Nikishameza, kazi yako imekwisha.

Halafu Zuhura, bintiye Mwanasiti, akaja getini. Nilikuwa chumbani, macho, nikasikia unamwambia, "Mama amelala." Nilipokuuliza alitaka nini, ukanijibu, "Chumvi tu."

Kesho yake kilio kikapanda nyumba ya pili.

"Nifungulie, Salimu. Mwenzangu amekufa."

"Mama, haiwezekani."

"Nitasimama mbali. Nitasimama barabarani."

"Ukipatwa na jambo, ndugu zangu nitawaambia nini?"

Hapo ndipo nilipokujua. Hukuogopa nife, uliogopa kuulizwa. Nikakaa chini kando ya ukuta nikamsomea Yasini, huku nikisikia wanaume wakipita na jeneza lake nje ya nyumba yangu.

Ulipokuja kufungua, nilikwenda kwa Zuhura kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Hakunikaribisha ndani. Alinisimamisha mlangoni akasema, "Mama Salimu, siku ile mama alinituma nikuite. Alitaka mtakane radhi. Nikamrudishia jibu kwamba umelala. Akasema, 'Mchana huu? Basi ana kinyongo na mimi.' Akageukia ukutani, hakusema tena."

Nilimwapia Zuhura kwamba sikujua. Mpaka leo hajanisadiki. Tukikutana kisimani ananiamkia kwa adabu, kisha anatazama ndoo yake.

Hilo ndilo uliloniokolea. Presha imetulia, ndiyo, daktari ananisifu. Lakini alasiri ikiingia najilaza kitandani nikatazama dari, kwa kuwa kwenye baraza ile siwezi kukaa peke yangu. Mwanasiti alikwenda akidhani nimemkataa, na wa kumwambia vinginevyo hayupo. Wewe ungeniambia ukweli tu, mimi ningepata njia. Ningempazia sauti dirishani. Ningemwimbia. Sote wawili tungesikilizana, kama tulivyosikilizana miaka yote hiyo mkiwa watoto wadogo mnatupigia makelele.

Umenitumia ujumbe kwamba unakuja Idi. Njoo, nyumba aliijenga baba yako. Ila kabla hujavua viatu kwangu, pita kwa Zuhura, peke yako, umwambie kwa mdomo wako kwamba nilikuwa macho na wewe ulimdanganya. Nikimwambia mimi anaona najitetea. Akikutukana, nyamaza umsikilize. Akikufungia mlango, subiri nje mpaka afungue.

Na kama hilo linakushinda, Idi yako uile huko huko Diani.

Mimi, mama yako mzazi,
Msambweni