Jibini la Wageni

Jumatatu, 3 Machi
Miguu imekufa ganzi. Kutwa nzima kazini kwa dobi, kwenye pasi kubwa, shuka za hospitali zisizoisha. Nafika nyumbani — Mama mkwe hajala. Tangu baba mkwe afariki, mwezi wa pili huu, ni chai tu. Muuguzi kampima: kilo thelathini na tisa. Atarudi tarehe 13. Akikuta zimepungua, analazwa. Kasema nimpe kidogo kidogo, vyenye nguvu. Mayai, jibini.
Nimenunua jibini. Jarida la kazini lina ukurasa mzima: vitafunio vya jibini, dakika kumi. Dakika kumi za nani? Nimekwaruza jibini na kidole juu yake. Mkate, kitunguu, jibini, kikaango nikakifunika. Mama kanusa tu. “Kula wewe mwanangu, umechoka.” Nikala mimi. Nalala na nguo za kazini.

Jumatano, 5 Machi
Viazi vya kuponda, jibini ndani. Vilipasukia kwenye mafuta, vyote! Hakugusa.
Mume wangu kapiga simu, yuko safarini na lori lake. Ati nimbembeleze mama yake. Njoo umbembeleze wewe! Sikusema. Nilisema sawa.

Ijumaa, 7 Machi
Maajabu. Kicheko, tunayekunja naye shuka, alipitia kuchukua mwavuli wake. Mama kumwona tu, akainuka. Mwenyewe! Mgeni hatoki hivi hivi, anasema, na kikaango kaninyang'anya. Mkate akauchovya kwenye yai, jibini katikati, moto mdogo. Akaketi akala naye. Vipande viwili!
Mgeni njoo, mwenyeji apone — kumbe si maneno tu. Yeye na baba mkwe hawakukaa mezani bila mtu wa nje. Nyumba hii ilikuwa kama stesheni.

Jumatatu, 10 Machi
Juzi nilimleta jirani wa juu. Jana fundi bomba. Bomba halina kasoro, nilimdanganya. Kala vipande sita, hana haya yule! Lakini Mama kala vitatu.
Leo nimekosa mtu. Kila mmoja ana kwake. Mama hakula. Nikamwuliza, mimi je, si mtu? Akatabasamu kidogo. “Wewe mwenye nyumba, mwanangu. Mwenye nyumba hakaribishwi.”
Nimeosha vyombo kwa hasira. Nimechoka kuwa mwenye nyumba.

Jumatano, 12 Machi
Kesho mizani. Kicheko anaumwa, jirani kasafiri, fundi hapokei simu. Nimefika mlangoni, funguo mkononi. Sijui nilifikiri nini. Nikazirudisha mkobani, nikagonga.
“Hodi!”
Nikarudia. Nikasikia kandambili zake zikija.
“Nani?”
“Mgeni.”
Akafungua. Akanitazama kichwani hadi miguuni. Nilijua atanifokea, utoto gani huu. Akasogea pembeni.
“Karibu, mgeni. Karibu ndani. Vua viatu upumzike.”
Kaniketisha kwenye kiti kizuri, kile ambacho mimi hukipangusa tu. Nilipotaka kumfuata jikoni akanikataza. Nikasikia mafuta yakichachatika. Akarudi na sahani, vipande vinne, jibini linavutika. Akaketi mbele yangu, mikono magotini.
“Haya, habari za utokako? Kazi inakuendeaje? Na huko kwenu, nani anakupikia?”
Miezi hii yote hakuna aliyeniuliza. Nikafungua mdomo niseme nzuri tu, kama wasemavyo wageni. Yakatoka machozi. Mengi. Aibu gani hii!
Nimesingizia kwenda kunawa. Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya friji. Nanawa uso, yanarudi. Yeye hajagusa kitu, mwenyeji hamtangulii mgeni. Ananiita tena:
“Mgeni wangu, njoo, jibini linaganda. Sili bila wewe.”